Tisini na Tisa kwa Sabini

Jumanne, 16 Septemba 1997

Naapa kuandika yote, Mwalimu, ya aibu pamoja na ya hasira, hata yale ambayo ukiyasoma utavua miwani na kuifuta kama ulivyozoea. Uliponiaga mwezi wa Julai kwenye ngazi za shule ulisema, "Burgi, nakwenda mbali, lakini weka shajara mpaka majaribio yaishe, halafu uniletee yote kwa pamoja. Nataka kujua kama nilikosea kukupigania." Ndiyo hii, nimeianza.

Majaribio yenyewe unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika ili nisijidanganye. Mwaka jana homa ya tezi ilinilaza tangu Machi hadi Mei, nikafeli hisabati na Kilatini. Sheria inasema aliyefeli namna hiyo anaweza kupandishwa darasa la tisa kwa majaribio, na tarehe 15 Desemba walimu wanakaa kikao kuamua: abaki, au ashushwe akakae tena na wadogo wa la nane. Wewe ndiye uliyewaomba wanipandishe. Kisha mume wako akapata kazi Flensburg, juu kabisa karibu na Denmark, na nafasi yako ameichukua Bwana Haslbeck.

Ni mrefu na mkavu kama chaki. Hacheki. Leo alisoma majina yetu, na alipofika kwangu akasema, "Zwicknagl, Walburga. Wa majaribio." Mbele ya darasa zima! Kwa sauti ile ile ambayo mtu wa duka angesema, "Mayai. Ya juzi."

Nimekalishwa na Korbinian Wimbauer, yule mtoto wa mwenye duka la dawa. Akaniinamia sikioni, "We wa majaribio, ukiharibika tunakurudisha dukani na risiti?"

Nilimkanyaga mguu kwa kisigino. Sijutii.


Ijumaa, 19 Septemba

Tumeanza somo lenyewe. Namba wiano ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu, namba kamili juu na namba kamili chini: robo tatu, ishirini na mbili kwa saba, hata tano, kwa kuwa tano ni tano kwa moja. Namba isiyo wiano haiandikiki hivyo, ufanye ufanyavyo. Ukiiandika kwa desimali, tarakimu zinakwenda bila mwisho na bila kuanza kujirudia.

Naona ni jambo zuri. Ningelipenda kama lingefundishwa na mtu mwingine. Bwana Haslbeck kila kipindi anamwita mmoja ubaoni kuhojiwa kwa alama, kama walivyo walimu wote wa Bavaria, ila yeye anahoji kama anayepiga risasi: "Kipeuo cha pili cha kumi na sita! Wiano au si wiano? Haraka!" Wiano, ni nne. "Kipeuo cha pili cha nane! Haraka!" Si wiano. Mwenzetu Resi aliposita kidogo tu, alipewa alama ya nne. Moja ndiyo bora, sita ndiyo kaburi.

Korbinian ana kanuni yake: "Ikiwa na sura mbaya, si wiano. Mimi naangalia uso tu."

"Na wewe ungewekwa wapi?" nikamuuliza.


Ijumaa, 26 Septemba

Mvua. Hakuniita.


Alhamisi, 2 Oktoba

Ameniita.

Aliandika ubaoni 0.0588235294 na nukta tatu mwishoni. "Wiano au si wiano, Zwicknagl? Haraka."

Nilizitazama tarakimu. Hakuna kilichojirudia. Nikasema, "Si wiano."

"Kwa nini?"

"Hazijirudii, Bwana."

"Umeziona zote?"

Darasa likacheka. Akaandika chini yake: moja kwa kumi na saba. Akasema ukienda mbele kidogo tu zinaanza upya, na kwamba tarakimu kumi hazimwambii mtu chochote. "Macho si ushahidi. Usiulize namba inafananaje. Uliza imetoka wapi. Tano."

Tano, Mwalimu! Tano ni kufeli. Nukta tatu zile zingeweza kuficha lolote duniani, na yeye peke yake ndiye aliyejua zimeficha nini. Huo si mtihani, huo ni mchezo wa kuficha kokoto mkononi. Nilirudi kwenye kiti masikio yakiwaka moto. Korbinian alinisogezea nusu ya mkate wake wa soseji, nami kwa hasira nikaula wote.

Mwisho wa kipindi akaniambia mlangoni, bila kunitazama, kwamba Kilatini changu sasa kinatosha, na mtihani wa hisabati wa Novemba ndio utakaoamua. "Nne, unabaki. Tano, unashuka. Nimeona nikwambie mapema."

Eti mapema.


Alhamisi, 9 Oktoba

Viazisukari vinavunwa. Barabara ni tope tupu, basi lilichelewa nyuma ya trekta, na Bwana Haslbeck akaniandika mchelewaji. Nilimwonyesha viatu vyangu. Alisema viatu si hoja.


Jumapili, 19 Oktoba

Sikukuu ya kanisa. Mama amekaanga maandazi yale mapana yenye kitovu chembamba katikati, nyumba nzima inanuka mafuta na sukari. Wengine walikwenda dansini. Mimi nilikaa jikoni nikaigawanya moja kwa kumi na saba kwa mkono, maana nilitaka kumkamata Haslbeck amesema uongo.

Hakusema uongo. Baada ya 0588235294 zikaja 117647, na baada ya hapo, palepale, 0588 tena. Nilipiga kelele hadi Baba akauliza kama nimeungua.

Lakini sikia nilichokiona. Kila hatua ya kugawanya inaacha baki. Ukigawanya kwa kumi na saba, baki haiwezi kuwa kubwa kuliko kumi na sita. Basi baki zikiisha zote, lazima mojawapo irudi, na ikirudi, kila kitu kinarudi nayo. Kumbe kila sehemu lazima ijirudie! Haikuwa bahati. Haiwezi kukwepa. Hakuna aliyenifundisha hilo, nilikaa tu pale na mikono yenye mafuta nikaliona.

Nilikuwa na furaha kwa muda wa andazi moja. Kisha nikakumbuka kwamba yeye aliniambia "uliza imetoka wapi," na ikaniudhi kwamba alikuwa sahihi.


Alhamisi, 13 Novemba

Ukungu kutoka mto Inn haujaondoka wiki nzima. Taa za basi zinawashwa mchana.

Leo amefundisha vizuri, naandika kwa sababu niliapa. Alisema: fikirieni karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu yake inabaki na umbo lile lile la karatasi nzima. Uwiano wa pande zake lazima uwe kipeuo cha pili cha mbili, na hiyo si namba wiano. Akathibitisha ubaoni. Mkono wake ukiandika uthibitisho hautetemeki wala hausiti. Nilinakili kila mstari na nikauelewa kila mstari.

Korbinian alinakili pia. "Umeelewa?" nikamuuliza.

"Kuelewa ni kazi yako, wa majaribio. Mimi kazi yangu ni kukariri."


Alhamisi, 20 Novemba

Mtihani. Nadhani nimefanya vizuri. Jumla ni alama thelathini, na kumi na tano zinatosha kupata nne. Maswali mawili ya mwanzo yalinikwamisha mwishoni tu, la tatu nililiweza nusu, lakini la nne lilinifurahisha. Lilisema hivi: "Ichukue karatasi hii uliyoishika mkononi. Je, uwiano wa upande wake mrefu kwa upande wake mfupi ni namba wiano au si wiano? Thibitisha. Alama sita."

Nilitabasamu, Mwalimu. Nilijua ni mtego, kama ule wa moja kwa kumi na saba. Kila mtu angekimbilia kipeuo cha mbili kwa sababu karatasi inafanana na ile ya ubaoni. Lakini swali halikusema "fikiria karatasi." Lilisema hii, niliyoishika. Uliza imetoka wapi! Nikaweka rula: milimita 297 kwa 210. Ukigawanya juu na chini kwa tatu unapata tisini na tisa kwa sabini. Namba kamili juu, namba kamili chini. Wiano. Nikapiga mstari chini ya jibu mara mbili.


Ijumaa, 28 Novemba

Sifuri.

Sifuri kati ya sita, kwa wino mwekundu, na pembeni: "Umepima! Kupima si kuthibitisha." Jumla nimepata kumi na tatu. Tano. Mbili tu, alama mbili tu za swali la nne zingenibakisha.

Korbinian amepata sita kati ya sita. Nimeisoma karatasi yake. Amenakili ubao wa tarehe 13 kutoka kichwani, hata kosa dogo la alama ambalo Haslbeck alilifuta baadaye.

"We, hapa umeandika nini?" nikamwonyesha mstari wa tatu.

"Sijui hata kidogo. Ni kama sala ya Kilatini. Unaisema tu, Mungu anaelewa."

Nilinyoosha mkono. "Bwana Haslbeck, swali lilisema karatasi hii. Hii ni mia mbili tisini na saba kwa mia mbili na kumi."

"Kwa rula yako."

"Kwa rula yoyote."

"Rula yako inaona milimita. Je, inaona sehemu ya milioni ya milimita? Umeziona tarakimu zote, Zwicknagl?"

Wakacheka tena. Maneno yale yale ya Oktoba! Nikasema, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Na wewe umeziona? Umejuaje kwamba ni kipeuo cha mbili? Ulikuwapo ilipokatwa?"

Alifunika kalamu yake nyekundu.

"Masahihisho Jumatatu," akasema. "Yamesainiwa na mzazi. Wote."

Sheria ya masahihisho unaijua: kila ulipokosea, unaandika upya jibu lililo sahihi, mzazi anatia saini. Maana yake natakiwa kuandika kwa mkono wangu, "Uwiano wa karatasi hii si namba wiano," na Mama aweke jina lake chini.

Siandiki.


Jumapili, 30 Novemba

Jumapili ya kwanza ya Advent, yaani Majilio. Mama aliwasha mshumaa mmoja kwenye shada, tukala biskuti za mdalasini, na kabla mshumaa haujashuka hata inchi tukagombana.

Baba, unamjua, anaendesha lori la maziwa na anaamka saa tisa za usiku; hana subira na maneno mengi. "Andika anachotaka, mwanangu. Halafu kichwani mwako fikiria unachotaka. Mimi msimamizi wangu akisema maziwa ni ya bluu, ni ya bluu mpaka Ijumaa."

"Lakini si ya bluu, Baba."

"Lakini nalipwa! Na wewe ukishushwa utakaa na watoto wanaobeba vidubwasha kwenye mikoba. Kwa ajili ya karatasi! Karatasi, Walburga!"

Akiniita Walburga ujue mambo yamechacha. Nilimgeukia Mama nikitegemea aninyamazie tu, maana Mama hapendi kelele siku ya Advent. Yeye akafuta mikono kwenye aproni, akachukua mtihani, akalisoma swali la nne polepole, mdomo ukicheza.

"Saini ni ya nani hapa?" akauliza.

"Yako," nikasema.

"Basi mimi siweki jina langu chini ya kitu ambacho mtoto wangu anasema ni uongo. Aje aniombe mwenyewe huyo Haslbeck."

"Kreszenz," Baba akasema, "mtoto anashushwa!"

"Nimesikia. Na wewe kula biskuti."

Nililia, lakini si kwa huzuni. Nilikasirika kwamba Mama, ambaye hajui kipeuo ni nini, alisoma swali kwa makini kuliko mtu aliyelisahihisha.


Jumatatu, 1 Desemba

Theluji ya kwanza, ikayeyuka kabla ya mapumziko.

Nilikwenda chumba cha mashine ya kunakili nikamwomba bibi anayeisimamia ganda la bunda la karatasi, lile la nje. Limeandikwa wazi: milimita 210 × 297. Nikamsubiri Haslbeck kwenye korido.

"Sikupima tu," nikasema. "Ndivyo ilivyoamriwa ikatwe. Kiwandani hawaandiki kipeuo cha mbili. Wanaandika hivi."

Alilisoma. Aliligeuza, kana kwamba nyuma kuna kitu kingine. Kwa dakika nzima nilidhani nimemshika.

"Masahihisho yako wapi?"

"Siwezi kuandika kitu ambacho si kweli."

"Mwenzako mmoja hutoa kisingizio hicho hicho kuhusu Kilatini." Akanirudishia karatasi. "Kikao ni baada ya wiki mbili, Jumatatu, saa nane mchana. Mwanafunzi asiyeleta masahihisho, mimi sina la kusema juu yake. Si kwamba sitaki, Zwicknagl. Sina."

Akaenda zake. Ana namna ya kutembea katikati kabisa ya korido, kama aliyechorewa mstari.

Namchukia.


Ijumaa, 5 Desemba

Jioni Mtakatifu Nikolaus, mgawa zawadi kwa watoto, alipita kijijini na Krampus wake, yule shetani wa manyoya na minyororo. Krampus akanifukuza hadi kwenye ghala la Baba, akainua kinyago kidogo. Ni Korbinian! Amepanda basi kutoka mjini kuja kulipwa marki kumi na kupiga watu kwa fimbo za mti.

"Burgi, umekuwa mtoto mbaya," akanguruma, kisha kwa sauti yake ya kawaida, akihema, "Sikia. Nimeukunja."

"Umekunja nini?"

"Mtihani wangu. Si nilipewa sita kwa kusema nusu inabaki na umbo lile lile? Basi nikaukunja nikapima. Haibaki. Imekosea kidogo sana, lakini haibaki. Nimepewa sita kwa uongo, na wewe sifuri kwa kweli. Imeninyima usingizi, na mimi huwa sinyimwi usingizi na kitu."

Nilimwambia kinyago kinamfaa. Lakini nilipoingia ndani nilijilaumu, kwa sababu mimi, mwenye hasira zote hizi, sikuwa nimeikunja.


Jumapili, 7 Desemba

Nimekunja, na nimepata, na nitaandika taratibu ili uone kila hatua.

Karatasi nzima ni 297 kwa 210. Nusu yake ni 210 kwa 148 na nusu. Kama maumbo ni sawa, basi 210 mara 210 lazima iwe sawa na 297 mara 148 na nusu. Nikagawanya yote kwa namba ndogo mpaka yakabaki haya: sabini mara sabini, mara mbili, ni elfu tisa na mia nane. Tisini na tisa mara tisini na tisa ni elfu tisa na mia nane na moja.

Moja, Mwalimu. Imekosa kwa moja tu.

Nilikaa nimeishika karatasi kama aliyeshika kitu hai. Watu wa kiwandani walitafuta sehemu iliyo karibu mno na kipeuo cha mbili, wakafika hadi mlangoni kabisa, ikabaki moja. Nikajaribu zilizo fupi zaidi. Saba kwa tano: arobaini na tisa dhidi ya hamsini, imekosa kwa moja. Kumi na saba kwa kumi na mbili: mia mbili themanini na tisa dhidi ya themanini na nane, moja tena. Haifiki kamwe! Na kwa nini haifiki, ndio ule uthibitisho wa tarehe 13 nilioudhania nimeuelewa. Tuseme ipo sehemu inayofika, tumeifupisha hadi mwisho. Namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe ni maradufu ya ile ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo ya juu ni shufwa. Lakini ikiwa ya juu ni shufwa, hesabu inalazimisha ya chini nayo iwe shufwa. Zote mbili shufwa? Basi hatukuifupisha hadi mwisho. Tumejipinga wenyewe. Haipo.

Mwezi uliopita nilinakili maneno hayo kwa utulivu. Leo nimeyaandika nikiwa na hasira, na ndipo nikayaelewa.

Basi nimeandika masahihisho. Kurasa mbili. Ya kwanza: karatasi ya kufikirika, ambayo nusu yake ina umbo la nzima, uwiano wake si wiano, na huu hapa uthibitisho. Ya pili: karatasi hii niliyoishika, iliyoamriwa 210 kwa 297, uwiano wake ni wiano, tisini na tisa kwa sabini, na ushahidi ni kwamba ukiikunja inakosa kwa moja. Kama ingekuwa si wiano kama ya ubaoni, isingekosa.

Mama ametia saini ukurasa wa kwanza na wa pili. Baba alisimama nyuma yake, akauliza, "Moja? Moja tu?" Akacheka peke yake akaenda kulala.


Jumatatu, 8 Desemba

Nimempa. Akayatia kwenye mkoba bila kuyatazama.


Jumatano, 10 Desemba

Hajasema kitu. Baridi kali. Nachukia mkoba wake.


Alhamisi, 11 Desemba

Kabla hajafungua kitabu, Korbinian alisimama. Hakunyoosha mkono, alisimama tu.

"Bwana Haslbeck, mimi sita zangu za swali la nne zitoe. Sikujua nilichoandika."

"Kaa, Wimbauer."

"Kweli kabisa. Niulize sasa hivi mstari wa tatu una maana gani. Niulize haraka."

Darasa likalipuka. Haslbeck akangoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. "Ningewanyang'anya alama wote wasiojua walichoandika, Wimbauer, shule hii ingefungwa. Kaa." Nikaona, nakuapia, pembe moja ya mdomo wake ikisogea.

Kengele ilipolia akaniambia nibaki. Aliyatoa masahihisho yangu. Pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na alama ya vema, ndogo, kwa penseli.

"Hakuna kosa," akasema.

Akaanza kuufunga mkoba wake.

"Kama hakuna kosa, kwa nini sifuri?" Sikuweza kujizuia, Mwalimu, nilipiga meza yake. "Umenifanya nichekwe mara mbili mbele ya watu! Umeniita wa majaribio kama mayai ya juzi! Nimeuliza imetoka wapi kama ulivyosema, nikapewa sifuri kwa kuuliza! Wewe hujali namba, wewe unajali ufunguo wa majibu!"

"Ufunguo, ndiyo," akasema. Alikaa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa. "Swali la nne si langu, Zwicknagl. Nilipofika Septemba nilikuta kabatini mitihani ya miaka iliyopita, pamoja na majibu yake, imepangwa vizuri sana. Nikachukua huu. Jibu lililoandikwa ni: si wiano, alama sita, aliyepima apewe sifuri."

"Ya nani?"

Alinitazama kama anayetafuta namna ya kukwepa, kisha akaacha. "Ya Bi Plöchinger. Maneno 'uliyoishika mkononi' ni ya kwake."

Ni wewe, Mwalimu! Naye alilijua hilo tangu Novemba. Nilimfokea darasani, nikamfokea koridoni, na hakusema hata neno moja, kwa kuwa alijua ninavyokupenda. Shule nzima inajua.

"Na wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi naona swali limetungwa vibaya. Lakini nikibadilisha alama kwa sababu mwanafunzi mmoja amebishana vizuri, Jumatatu nina wazazi ishirini mlangoni. Nikibadilisha kwa neno la mtunzi wa swali, hakuna wa kunigusa." Akaandika namba yake ya simu ya nyumbani nyuma ya masahihisho yangu. "Muulize yeye. Atakachosema, hicho nitakiandika, na hicho nitakwenda nacho kikaoni. Akisema sifuri, ni sifuri."

Kwa hiyo sitangoja mwisho kama tulivyoahidiana. Naifunga shajara hii leo, Baba anaipeleka posta kubwa itumwe kwa njia ya haraka, itakufikia Jumamosi. Umesoma sasa mambo yote, na umeona nimemchukia nani msimu mzima, na nilikuwa namwandikia nani. Nina hasira nawe, Mwalimu. Sikujua kwamba inawezekana. Lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba jibu lililo na sababu haliogopi, na bado naamini hivyo.

Sitaki mbili za huruma ili nibaki. Nataka uichukue karatasi hii unayoisoma, ndiyo, hii, uikunje, uipime, kisha usome swali lako upya kama Mama alivyolisoma, polepole. Namba ya Bwana Haslbeck iko nyuma ya ukurasa wa masahihisho nilioutia humu ndani, na kikao ni Jumatatu saa nane. Nijibu kabla ya hapo: kati ya sita, wewe ungenipa ngapi?